Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita: Namna ya Kuichunguza Historia ya Nyumba ya Kupanga

Katika Kata ya Nkoaranga na maeneo yanayoizunguka, kuteremka Usa River hadi kufika Tengeru, mpangaji hulipa kwanza ndipo akaishi. Kupokelewa kwa kodi ya miezi mitatu ni bahati; miezi sita ndiyo desturi, na wapo wapangishaji wanaodai kodi ya mwaka mzima. Tuchukue mfano wa chumba na sebule kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Muuguzi aliyepangiwa kazi hospitalini, mwalimu aliyehamishiwa shule ya jirani au kibarua wa mashamba ya maua atatoa shilingi 480,000 kwa mkupuo mmoja, na dalali aliyemwonyesha nyumba atadai kodi ya mwezi mmoja juu yake. Jumla ni shilingi 560,000, nazo hukabidhiwa mtu ambaye mara nyingi mpangaji amemfahamu kwa siku mbili tu.

Mwezi wa pili au wa tatu, dalali wa aina nyingine hufika. Huyu ni dalali wa mahakama, naye amebeba amri ya kuikabidhi nyumba kwa mtu aliyeshinda shauri ambalo mpangaji hakuwahi kulisikia. Jina la mpangaji halimo katika jalada, lakini kitanda chake, masufuria yake na madaftari ya watoto wake ndivyo vinavyowekwa barazani. Mwenye nyumba hapatikani kwa simu. Kodi ya miezi iliyobaki huwa deni la kudaiwa mtu ambaye naye amekwisha kupoteza nyumba.

Watu wengi wanaotafuta nyumba huuliza bei, maji, umeme na usalama wa uzio. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini ni wachache wanaouliza ni nani aliyekaa humo kabla yao, aliondokaje, na kama nyumba yenyewe au kiwanja chake kina mgogoro. Makala haya yanaeleza mahali majibu hayo yanapopatikana, na jinsi ya kuyasoma yanapopatikana nusunusu, kwa maana ndivyo yanavyopatikana mara nyingi.

Hakuna daftari moja

Ni vema kusema mapema kwamba Tanzania Bara haina daftari la wazi linaloorodhesha nyumba ambazo wapangaji wake wameondolewa. Zamani ilikuwapo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza ya nyumba ya mikoa yaliyosikiliza mashauri ya wapangaji na wapangishaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji umetawaliwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na zaidi ya hapo na makubaliano ya pande mbili. Wenzetu wa Uganda walitunga sheria mahususi ya mwenye nyumba na mpangaji mwaka 2022. Sisi bado tunategemea sehemu ya mikataba ya upangaji iliyomo katika sheria ya ardhi.

Kwa hiyo historia ya nyumba imetawanyika. Kipande kimoja kipo kichwani mwa jirani, kingine katika daftari la ofisi ya kijiji, kingine katika jalada la Baraza la Kata, na kingine kwa Msajili wa Hati. Anayetaka kuijua hana budi kuokota vipande hivyo na kuviunganisha. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu, nayo haimgharimu mtu zaidi ya nauli na ada ndogo za serikali.

Wakazi wa mlimani hapa hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha kwa nguvu takriban Wameru 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili ardhi yao ipewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi wakati ule. Hata hivyo shauri lile linajulikana hadi leo kwa sababu watu wale waliandika: malalamiko yao yalipelekwa kwa maandishi, nayo maandishi yamebaki. Uhamisho wa nyumba moja ya vyumba vinne pale njia panda nao huacha maandishi yake, ingawa hakuna anayeyafikisha New York.

Si kila kuondolewa kuna maana moja

Kabla ya kuanza kuuliza, mpangaji ajue anatafuta nini. Mpangaji aliyepita akiwa ameondolewa kwa kuwa hakulipa kodi miezi minane, jambo hilo halisemi mengi kuhusu nyumba; linasema kuhusu yeye, au kuhusu msiba uliompata. Lakini nyumba ambayo wapangaji watano wametoka katika kipindi cha miaka miwili, kila mmoja akiwa na miezi aliyokwisha kuilipia, inasema jambo kuhusu mwenye nyumba. Wapo wapangishaji ambao hupokea kodi ya miezi sita, kisha mwezi wa tatu hupandisha bei au humleta ndugu anayehitaji chumba, wakijua kwamba mpangaji hatakwenda kushtaki kwa ajili ya shilingi laki mbili.

Aina ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu haimtegemei mpangaji wala tabia ya mpangishaji. Hiyo ni nyumba yenye mgogoro wake yenyewe: kiwanja kinagombaniwa na warithi, au kimeuzwa mara mbili, au kimewekwa rehani benki na mkopo haulipiki, au kimejengwa ndani ya hifadhi ya barabara au kando ya mto. Mpangishaji wa nyumba ya namna hii anaweza kuwa mtu mpole, mcha Mungu na mwenye lugha nzuri. Upole wake hauzuii amri ya mahakama.

Kwa jirani, na kwa mwenye duka

Anza na majirani, tena nenda bila dalali na bila mwenye nyumba. Wakati mzuri ni jioni, watu wanapokuwa wamerudi makazini. Ukiuliza, "Je, mwenye nyumba huyu ni mtu mzuri?" utajibiwa kwa heshima kwamba ni mtu mzuri, kwa kuwa hakuna anayependa kumsema jirani yake vibaya mbele ya mgeni. Uliza mambo yenye jibu dogo na la hakika: ni nani aliyekuwa akikaa chumba hiki? Alikaa muda gani? Alihama mwenyewe au aliambiwa ahame? Amehamia wapi? Ni nani huja kuchukua kodi, baba mwenyewe, mtoto wake, au watu wawili kwa nyakati tofauti? Swali hili la mwisho lina thamani kubwa. Nyumba ambayo kodi yake huchukuliwa na watu wawili wasiosalimiana ni nyumba ya kuogopwa.

Mwenye duka wa karibu hujua kuliko anavyoonekana. Yeye huwakopesha wapangaji unga, mafuta na sabuni, na anayehamishwa ghafla humwachia deni. Ukimuuliza kwa upole kama wapangaji wa nyumba ile hudumu, atakujibu kutoka katika daftari lake la madeni.

Mtafute pia mpangaji aliyepita, kama hayuko mbali. Msikilize, lakini usimwamini kwa kila neno. Aliyetolewa ana uchungu wake, na mwenye nyumba ana upande wake wa kusikilizwa.

Macho nayo yafanye kazi. Tazama miimo ya milango kama ina alama za makomeo yaliyong'olewa na kupigiliwa upya mara kwa mara. Tazama paa: bati jipya juu ya chumba kimoja tu kati ya vinne laweza kuwa ni ukarabati wa kawaida, lakini pia wapo wapangishaji wanaomtoa mpangaji kwa kumwezua bati au kumng'olea mlango. Kitendo hicho si halali. Mwenye nyumba anayetaka nyumba yake kwa mpangaji anayekataa kutoka anapaswa kwenda kwenye chombo cha sheria, na si kufunga kufuli usiku. Ukisikia kwamba amewahi kufanya hivyo kwa mwingine, huna sababu ya kuamini kwamba kwako atakuwa tofauti.

Kwa nyumba zilizo karibu na barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, tazama ukuta wa mbele. Alama ya X huwekwa na mamlaka ya barabara kwenye majengo yaliyomo katika eneo la hifadhi. Kwa desturi nyekundu huwa na maana ya kubomolewa bila fidia, na ya kijani ina maana kwamba mwenye jengo anatarajiwa kulipwa. Katika hali zote mbili mpangaji anahama. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kutoka mita 22.5 za zamani. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa salama kwa baba huenda haiko salama kwa mwana. Rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ya ukuta ni sababu ya kuuliza swali. Vivyo hivyo kwa nyumba za mabondeni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa mlima wenye vijito vingi kama wetu, mita 60 hugusa nyumba nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hesabu kwa hatua zako mwenyewe.

Ofisi za kitongoji, kijiji na kata

Baada ya majirani, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Sehemu kubwa ya ardhi katika kata yetu ni ardhi ya kijiji, inayomilikiwa kimila na ukoo baada ya ukoo. Nyingine ina hati ya hakimiliki ya kimila na nyingine haina karatasi yoyote ila ya mauziano iliyoshuhudiwa ofisini. Ofisi ya kijiji ndiyo yenye masjala ya ardhi ya kijiji. Humo huonekana jina la mwenye hati, na kama hati hiyo imewekwa dhamana ya mkopo. Uliza mambo mawili: je, mtu anayenipangisha ndiye anayetambuliwa kuwa mmiliki? Na je, kuna malalamiko yoyote kuhusu kiwanja hiki yaliyoletwa hapa au kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji? Baraza hilo lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Wajumbe wake ni majirani zako; wanakumbuka.

Kisha panda ngazi hadi Baraza la Kata. Hapa pana mabadiliko ambayo wananchi wengi hawajayafahamu vizuri. Hadi mwaka 2021 mabaraza ya kata yalikuwa na uwezo wa kusikiliza na kuamua migogoro ya ardhi. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliyaondolea uwezo wa kuamua, yakabaki na usuluhishi peke yake. Wakati huohuo sheria ilielekeza kwamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lisisikilize shauri la umiliki au maslahi katika ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila muafaka.

Kwa mpangaji, maana yake ni hii. Mgogoro wa kiwanja uliokwenda Baraza la Wilaya katika miaka ya karibuni sharti kwanza uwe umepita katika kata. Katibu wa Baraza la Kata ndiye mtu wa kwanza kuuona. Ukimwuliza kama kiwanja cha mahali fulani, cha mtu fulani, kina shauri lililosuluhishwa au lililotolewa cheti cha kushindikana, unauliza kwenye mlango wa kuingilia badala ya kuzunguka nyumba nzima. Na kwa migogoro ya kabla ya 2021, majalada ya zamani ya kata yana maamuzi kamili, pamoja na majina ya walioamriwa kutoka.

Uulizapo katika ofisi hizi, uliza kuhusu nyumba na kiwanja, si kuhusu maisha ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana watumishi wasitoe ovyo taarifa za mtu, na ni haki iwe hivyo. Mtumishi anaweza kukuambia kwamba kiwanja kina mgogoro. Hapaswi kukusomea deni la mpangaji aliyepita wala sababu za ndoa yake kuvunjika.

Majina

Ugumu mkubwa wa utafutaji huu ni kwamba majalada hufunguliwa kwa majina ya watu, si kwa majina ya nyumba. "Nyumba ya Baba Neema" haimo katika jalada lolote. Sharti upate majina matatu kamili ya mwenye nyumba, tena kama yalivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa. Na ikiwezekana, jina la aliyemuuzia kiwanja au la marehemu aliyemrithi. Kwetu Meru hili si jambo dogo. Anayetafuta kwa jina la Kaaya, Pallangyo, Mbise au Nnko peke yake atapata majalada asiyoweza kuyamaliza, na karibu yote yatakuwa ya watu wengine. Mtu asihukumiwe kwa jina la ukoo. Linganisha jina kamili, kijiji na mipaka ya kiwanja kabla ya kusema kwamba umeona shauri lake.

Njia nyepesi ya kulipata jina ni bili ya maji, ambayo huandikwa jina la mteja. Jina likitofautiana na la anayekupangisha, uliza sababu. Huenda bili ni ya marehemu baba yake. Basi hapo umefika kwenye suala la mirathi.

Nyumba nyingi za kupanga katika eneo letu zilijengwa na wazazi waliokwisha kufariki, na mmoja wa watoto ndiye anayekusanya kodi. Huyo anaweza kuwa msimamizi halali wa mirathi, aliyeteuliwa na mahakama. Basi akuonyeshe barua ya uteuzi, nayo hutolewa na Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi nyingi za huku kwetu. Au anaweza kuwa ni mtoto aliyebaki nyumbani tu, huku dada zake waliokwisha kuolewa wakiwa wamefungua shauri la kudai sehemu yao. Mkataba uliotiwa saini na asiye msimamizi ni mwembamba sana siku ndugu wakitokea.

Kuna jambo la karibu na hilo ambalo hata wapangishaji hulisahau. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Likihusu nyumba ambayo familia iliishi, si vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya biashara, omba mwenza naye aweke saini. Wapangaji wameingia katikati ya ugomvi wa ndoa kwa kukosa saini hiyo.

Wilayani, mahakamani na kwa Msajili

Mashauri ya ardhi na nyumba ya wilaya yetu husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lililopo Arusha. Mashauri yake husikilizwa hadharani, na masjala yake yanaweza kuombwa kwa barua na kwa ada ili kukagua kama kuna shauri la jina fulani. Ukiipata namba ya shauri kutoka kata, kazi inakuwa nyepesi. Usipokuwa nayo, itakubidi uwe na subira.

Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani husomwa bure kwenye mtandao wa TanzLII, ambako mtu anaweza kutafuta kwa jina kwa kutumia simu yake. Kijana yeyote wa sekondari nyumbani anaweza kukusaidia. Lakini shauri la nyumba ya vyumba vinne hufika huko kwa njia ya rufaa, na mengi hayafiki. Kwa hiyo ukilikuta jina, umepata jambo. Usipolikuta, hujapata uthibitisho wa usalama.

Kwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi kwa kulipa ada. Majibu yake yataonyesha jina la mmiliki, rehani kama ipo, na zuio lolote lililosajiliwa juu ya hati. Rehani peke yake si kosa. Nyumba nyingi nzuri zimejengwa kwa mkopo. Cha kuuliza ni kama mkopo unalipwa. Benki ikifikia kuuza, sheria ya madalali inataka mnada wa nyumba au ardhi utanguliwe na tangazo la hadhara la siku zisizopungua 14, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sheria hiyo ni ya zamani kiasi kwamba inataja hata kupiga ngoma ili wasiojua kusoma nao wapate habari. Siku hizi ngoma haisikiki sana, lakini matangazo ya gazetini na makaratasi yanayobandikwa yapo. Karatasi iliyobanduliwa mlangoni huacha gundi.

Usidanganywe na ukimya wa miaka. Madai ya kurudishiwa ardhi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12, na hukumu iliyokwisha kutolewa nayo inaweza kukaziwa hadi miaka 12. Mpangishaji anayekuambia, "Ile kesi iliisha zamani, mwaka 2018," huenda anasema kweli. Muulize iliisha kwa nani kushinda.

Ukishayajua

Ukiyapata yote haya na nyumba ikawa safi, lipa na uhamie. Ikiwa na doa, si lazima uikimbie. Nyumba yenye shauri linaloendelea inaweza kupangwa kwa mwezi mmoja mmoja, si kwa miezi sita. Mpangishaji mwenye haja ya mpangaji atakubali, na asiyekubali amekwisha kukujibu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, upangaji usiotajiwa muda huhesabiwa kwa kipindi cha kulipia kodi, na notisi ya kuuvunja haipungui kipindi hicho. Anayelipa kwa mwezi anastahili notisi ya mwezi, na anayepoteza, hupoteza kodi ya mwezi.

Katika mkataba, taka iandikwe kwamba mpangishaji anathibitisha kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kupangisha; kwamba hakuna shauri, amri ya kubomoa wala notisi ya mnada anayoifahamu juu ya nyumba; na kwamba mpangaji akiondolewa kwa sababu isiyo yake, kodi ya miezi ambayo hajakaa itarudishwa ndani ya siku zitakazotajwa. Mpangishaji mwaminifu hatakwazika. Maneno haya hayamgharimu kitu. Mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Lipa kwa benki au kwa simu, ili jina la aliyepokea libaki, na kama ni taslimu, pata stakabadhi yenye saini. Mkataba ulipiwe pia ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato. Wengi hupuuza jambo hili, kumbe waraka usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini, na siku ya kuuhitaji huwa ndiyo siku isiyo na fedha.

Sheria hiyohiyo ya Ardhi, hata pasipo kuandikwa katika mkataba, inamhesabu mpangishaji kuwa amekuahidi kukaa kwa amani bila kubughudhiwa naye wala na anayedai kwa kupitia kwake, na kuitunza paa, kuta kuu na mifereji pale alipokupangisha sehemu tu ya jengo. Ahadi hiyo ndiyo msingi wa dai lako la kurudishiwa kodi.

Na ikiwa pamoja na uangalifu wote dalali wa mahakama anafika mlangoni, usigombane naye, wala usitoke kwa maneno matupu. Omba kuiona amri. Soma jina la mahakama au baraza lililoitoa, namba ya shauri, majina ya wadaawa na maelezo ya nyumba yenyewe, kwa maana imewahi kutokea mtu akahamishwa kutoka nyumba ambayo siyo iliyotajwa. Piga picha ya amri hiyo. Mpangaji ambaye hakuwa sehemu ya shauri anaweza kupeleka maombi ya pingamizi kwenye chombo kilekile kilichotoa amri, akiambatanisha mkataba na stakabadhi zake, na afanye hivyo siku hiyohiyo au kesho yake. Asiye na uwezo wa wakili aende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawatamsimamia mbele ya mahakama kama wakili, lakini watamwandalia maombi na kumweleza ni dirisha gani la kuyapeleka, na huduma yao hailipiwi.